Kitochi Hakikulia

Kitochi hakikulia. Nalisema hili kwanza, maana watu wa kwetu Parakan wakihadithia kifo cha Baba husema Rukmi aliitwa akachelewa, Rukmi alikuwa anacheza na baiskeli huku baba yake anakata roho. Waseme, midomo ni yao. Lakini kile kitochi nilikuwa nacho mimi, kwenye mkoba wa usukani, kimechajiwa, kina salio, mtandao umejaa, na hakikulia.

Alikinunua Baba mwenyewe. Simu ndogo ya vitufe, yenye tochi kichwani. Mwaka uliotangulia mimi na mume wangu Prapto tulikuwa tunazunguka pwani ya kusini kwa baiskeli, na tulipokuwa tunavuka mto kwa chelezo, simu yangu ikatumbukia majini. Ya Prapto ilikuwa imeshazimika kwa ajili ya mapicha yake yasiyokwisha. Basi tukapotea siku kadhaa bila kujua kama tumepotea. Sisi tunakula samaki wa kuchoma, tunalala, tunacheka, kumbe kule nyumbani mzee hali, halali, amekaa barazani anaiangalia barabara. Tulipofika mji wenye simu nikampigia, nikategemea matusi. Hakunitukana. Aliniambia nikimaliza huko nipitie nyumbani.

Nilipopita akanipa kitochi, kaka yangu Giarto na mkewe Lastri wakiwa wamekaa hapo hapo. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliongea.

"Sisi watu wa huku ni waongo kwa msafiri, Nduk," alisema. Nduk ndivyo baba wa Kijava anavyomwita binti yake, hata binti mwenyewe awe na mvi kama mimi. "Mtu akifa tunasema anaumwa. Akiumwa tunasema kachoka. Hiki kisidanganye. Kikilia, acha kila kitu uje. Kisipolia, endelea na safari yako, maneno ya watu yasikutie wasiwasi."

Akamgeukia Giarto, akamwambia aihifadhi namba na asiipige kwa upuuzi. Giarto akaitika. Tangu hapo kila mwezi Baba alitembea mpaka kibanda cha vocha kukitilia salio, maana huku kwetu laini isiyotiwa salio inakufa, na namba anapewa mtu mwingine. Alikuwa analisha simu ambayo hakuna aliyeipiga.

Prapto alikicheka sana. Yeye ni mtu aliyekata mpini wa mswaki wake ili mzigo upungue, sasa anamwona mkewe anabeba simu ya ziada na chaja yake na mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua. Alikibatiza jina Mama Mkwe, eti hakisemi neno lakini unajua kinakuangalia. Kila tukisimama kunywa chai alikuwa anauliza Mama Mkwe kaamkaje. Nami nilikuwa namjibu kwamba Mama Mkwe anasema vijana wa siku hizi hawajui kukanyaga pedali.

Safari ninayoisema hii tulianzia nyumbani kwetu Malang, tukaifuata pwani ya kusini, na ilikuwa imalizikie kwa Baba. Nilikuwa nimeipanga hivyo makusudi. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia kwenye simu anakohoa, kikohozi cha chini, nikamuuliza, akasema ni moshi. Moshi gani, kiangazi, wakati watu wanaanika tumbaku juani? Nilijua moyo wake haukuwa mzima, daktari alishamwambia. Mama alikuwa ametutoka zamani. Nilitaka kukaa na baba yangu, nimpikie, nimsikilize akilalamikia bei na mvua. Sikuwa na haja nyingine. Milima na picha za machweo nilimwachia Prapto.

Tulikuwa Wonogiri, tunakula mchana, simu yangu janja ilipoita. Giarto. Sauti yake tulivu kabisa, kama anauliza bei ya vitunguu. Akasema Baba ana homa kidogo, amekuwa akiniulizia. Nikamuuliza homa gani. Akasema homa tu, ya uchovu, kashinda shamba. Tuje, lakini tusiharakishe, haraka haraka haina baraka.

Prapto akaacha kula. Akasema mji wa Solo hauko mbali, tukifika pale baiskeli tunazipandisha juu ya basi, magharibi tunamsalimu mzee. Hilo alilisema Prapto, na sitamnyima haki yake. Mimi nikafungua mkoba wa usukani, nikatoa kitochi kwenye plastiki yake. Mtandao umejaa. Hakuna simu iliyopigwa. Nikamwonyesha.

"Kimya," nilimwambia. "Ingekuwa kubwa, hiki kingelia. Baba mwenyewe kasema."

Mjue, mimi si mjinga. Nimezaliwa Java. Mtu akiniambia baba yako ana homa kidogo, njoo, damu inanisisimka papo hapo, maana nimewahi kuambiwa Mama ana homa kidogo, nikafika nikakuta anakafiniwa. Ndiyo maana Baba alikinunua kile kitochi. Alikuwa amekitenga kando na uongo wetu wote. Kwa hiyo nilipokiona kimya, moyo ukatulia kweli kweli. Nikamaliza wali wangu. Tukapanda baiskeli, tukalala Boyolali.

Siku ya pili tulipanda Selo, kijiji kilicho juu kabisa kati ya milima miwili, Merapi na Merbabu. Kule hupandi kwa ubishi, unapanda kwa gia ndogo na kwa subira, na mara nyingi unashuka unasukuma. Kila tulipopumzika nilikitoa kitochi. Kimya. Prapto mara hii hakutania. Mara moja alisema tungepiga sisi, basi tukapiga, kwa simu ya kawaida, Giarto asipokee. Nikapiga tena, akapokea, akasema yuko shambani, Baba amelala, tupande polepole. Nyuma yake nilisikia sauti za watu. Nilimuuliza ni kina nani, akasema wafanyakazi wa tumbaku. Nikaamini, maana ulikuwa msimu.

Tulifika juu jioni hoi bin taabani. Ujumbe wa Giarto ukaingia: tunawasubiri, mkishuka kesho shukeni taratibu, angalieni breki. Nikamwambia Prapto, unaona, mtu mwenye msiba hakumbuki breki za mwenzake.

Mteremko wa Selo ni mbaya. Umewahi kula watu, na si wajinga watupu. Unashuka huku vidole vimekufa ganzi kwa kubana breki, ringi zinachemka hadi unanusa mpira, na ikibidi unasimama kuzipoza. Tulisimama mara nyingi asubuhi ile. Nakumbuka tulisimama kwenye kona moja, nikamwagia ringi maji, yakafanya mvuke, Prapto akapiga picha mawingu yaliyokuwa chini yetu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nafikiria nimpikie nini Baba. Baadaye niliulizia na kulinganisha, nikagundua kwamba tulipokuwa kwenye kona ile ndipo walipokuwa wanamshusha kaburini.

Tuliingia Parakan baada ya adhuhuri. Jua kali, jua la tumbaku, lile ambalo mkulima akiliona hata mgonjwa anatoka kitandani. Siku kama ile mtaa wetu haupitiki, chanja za mianzi zimejaa pande zote mbili za barabara, tumbaku iliyokatwa imetandazwa, unapita katikati kwa adabu usimwage mali ya watu. Nikakata kona ya kwetu. Chanja zote zilikuwa tupu, zimeegeshwa ukutani. Jua lote lile, na hakuna jani lililoanikwa.

Sikuhitaji kuona turubai wala viti. Watu wa mtaa mzima hawaachi jua la kiangazi lipotee bure ila kwa msiba, na msiba wa mtu mkubwa. Nilimsikia Prapto nyuma yangu akiniita. Nilishuka kwenye baiskeli nikaiachia, ikaanguka na mizigo yake, nikatembea.

Giarto alikuwa getini, kavaa kofia nyeusi, macho mekundu. Alinyoosha mikono. Mimi sikuipokea. Nilikuwa na kitochi mkononi, sijui nilikitoa saa ngapi, nikakiweka kwenye kiganja chake mbele ya majirani wote.

"Hii nini?" nilimuuliza.

"Rukmi, ingia ndani kwanza."

"Nakuuliza hii nini, Mas."

Hata katika hasira nilimwita Mas, kaka mkubwa, ulimi umezoea. Alikiangalia kile kitochi. Nikamwambia mbele za watu kwamba ameniibia baba yangu. Nikamwambia homa kidogo, homa kidogo, maisha yenu yote homa kidogo, mficha maradhi kilio kitamuumbua, na leo kimemuumbua nani? Niliongea maneno ambayo mwanamke wa Kijava hayasemi kwa kaka yake, tena barazani. Wazee waliangalia chini. Hakuna aliyenikataza. Mwisho Prapto akanishika mabega akaniketisha.

Giarto alikaa chini ya miguu yangu, sakafuni, yeye mkubwa wangu, akanieleza. Siku ya kwanza alidhani ni homa kweli, au alitaka iwe homa, hakujua mwenyewe. Baba alikuwa ameanguka shambani lakini akaamka na kuomba chai. Siku ya pili alfajiri hali ikageuka. Daktari alikuja, akatikisa kichwa. Hapo Giarto akachukua simu, akafungua namba ya kitochi, kidole kikawa juu yake. Baba akamwona. Akauinua mkono, akaifunika ile simu.

"Alisema, leo anapanda Selo, kesho anashuka," Giarto aliniambia. "Alisema, ukimpigia hiyo, atashuka analia. Nataka mtoto aje, sitaki maiti ya pili. Nilimwambia, Baba, wewe ndiye uliyeweka sharti. Akasema basi ndiye ninayelitengua."

Ningefanya nini? Ningemtukana nani? Hasira niliyokuja nayo ilikuwa ya Giarto, nilikuwa nimemshonea kama nguo, na sasa haikumtosha. Walinisubiri mpaka asubuhi wakitumaini nitafika, imamu akasema maiti haicheleweshwi, wakamzika. Giarto alisema alitaka kunipigia jioni ile, akakumbuka mkono wa Baba juu ya simu, akaandika habari za breki. Nikamwambia ainuke sakafuni. Sikumwomba radhi siku ile, sikuweza.

Kitu kimoja nilikiona, nikakiweka. Lastri hakuja kunikumbatia. Wifi yangu huyu tangu aolewe kwetu hatujawahi kupitana bila kucheka, nikija anatoka mbio na mikono ya unga. Siku ile alikuwa jikoni nyuma ya masufuria, nikiingia anatoka na ndoo, nikitoka anaingia. Kwenye khitima aliketi mbali. Nilidhani anaogopa mdomo wangu, na ana haki, nilikuwa nimeshamvua nguo mumewe hadharani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kisimani anaosha sahani za watu waliokuja kusoma. Nikachuchumaa nikaanza kusuuza. Nilimwambia kwamba nimesikia yote, simlaumu mume wake, aache kunikimbia. Nikamwambia kitu kimoja tu kinanikata maini, kwamba Baba alikufa ananisubiri, macho barabarani, kama mwaka ule niliopotea. Hilo sitalisahau hadi nife.

Lastri akaacha kuosha.

"Hakufa anakusubiri, wifi," alisema. "Alikufa umefika."

Sikumwelewa. Akaanza kulia, na akiwa analia akanieleza, naye ni mtu anayeeleza kila kitu mpaka mwisho, hawezi kuacha katikati.

Mchana wa siku ile ya pili Baba aliacha kukumbuka Selo. Akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Kila dakika anauliza, hajafika? Giarto akamjibu, yuko njiani. Anauliza tena. Giarto akamjibu, ameshaingia mjini, Baba. Anauliza tena. Yuko pale msikitini, anakuja. Baba akaagiza geti lifunguliwe milango yote miwili, baiskeli yangu ina mifuko mipana, isikwame. Wakafungua. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani, akawa anaangalia pale getini, yeye na macho yake yenye ukungu, hataki kufumba. Anahema kwa shida na hataki kufumba.

Giarto akaenda jikoni, akamwambia mkewe achukue baiskeli yake ya sokoni aingie nayo getini, kama vile ndiye mimi. Lastri akakataa. Alimwambia hiyo ni dhambi, hiyo ni nafasi ya mtu mwingine. Giarto akapiga magoti palepale jikoni mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu. Basi akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia na baiskeli kwa geti kubwa, akapiga kengele.

"Akasema, Nduk," Lastri alinisimulia. "Nikaja nikambusu mkono kama unavyombusu. Nikawa najua nitaongea nini, nimejitayarisha, safari njema, Prapto anakuja nyuma. Hakuniuliza safari. Akaniuliza, umekula? Nikasema bado, Baba, maana ulimi ulisema kweli. Akageuza kichwa, akaniita. Mimi, wifi. Akaita kwa sauti, Lastri, mpe mwenzio wali, ametoka mbali huyu. Na mimi niko pale, nimemshika, siwezi kuitika."

Akajifuta uso kwa mkono wenye sabuni, sabuni ikaingia machoni, akaendelea.

"Akaita tena. Giarto akaleta sahani. Baba akasema kula nikuone. Nikala. Wali mkavu, na kipande cha tempe, ile soya ya kukaanga, nakula nalia, yeye ananiangalia anatabasamu. Akasema, taratibu, hakuna anayekufukuza. Nikala taratibu. Nilipoinua macho kumwangalia, alikuwa ameshakwenda. Nimekula chakula chako, wifi. Nisamehe."

Sijui hadi leo kama nilitaka kumpiga au kumshukuru. Baba alikufa ameshiba macho. Alimwona binti yake, akamlisha, akaenda zake kwa raha, na binti mwenyewe alikuwa Selo anasukuma baiskeli kwenye kona, hana habari. Kuna mtu aliyepewa neno langu la mwisho na tabasamu langu la mwisho, na mtu huyo alikuwa hataki. Nililia pale kisimani, na sikujali nani ananiona.

Kisha nikamuuliza alipokuwa anakula, Baba alikuwa amemshika mkono gani.

Lastri aliuangalia mkono wake mmoja, kisha mwingine.

"Wa kushoto," alisema. "Huu mwingine nilikuwa nakula nao."

Nikauchukua ule wa kushoto, umelowa, una mafuta ya sahani za watu, nikauweka usoni kwangu, nikaubusu.